Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuchagua feni mpya ya kutolea hewa kwenye bafu lenye unyevu

Maelezo haya yanamhusu mwenye bafu ambalo tayari lina feni ya kutolea hewa, nayo imekufa, imechoka, au inazunguka tu huku kuta zikizidi kuota ukungu mweusi. Umeme unaozungumziwa ni wa Tanzania, Kenya na Uganda, yaani volti 230 hadi 240 na hezi 50.

Feni inazunguka vizuri lakini kioo na kuta bado zinalowa. Ninunue kubwa zaidi?

Subiri kwanza. Chukua karatasi moja ya chooni, funga mlango wa bafu, washa feni, kisha iweke karatasi kwenye uso wa feni. Ikinasa na kukaa, feni inavuta. Isiponasa, fungua mlango upana wa vidole viwili ujaribu tena. Ikinasa mlango ukiwa wazi tu, feni yako ni nzima na bafu ndilo limekosa pa kuingizia hewa. Feni kubwa haitabadilisha chochote hapo. Itapiga kelele zaidi na kuvuta hewa ileile kidogo.

Karatasi isiponasa hata mlango ukiwa wazi, toka nje utazame mdomo wa bomba. Mara nyingi utakuta kifuniko kimeganda kwa vumbi na mafuta ya moshi, kiota cha ndege, au wavu wa mbu ulioziba kabisa kwa nyuzi za taulo. Kusafisha kunachukua nusu saa, na feni nyingi zinazotupwa zingepona kwa hilo tu.

Kama mdomo wa nje unafikika, unaweza kupima kwa mfuko wa taka. Mfuko wa lita 60 ukiushikilia kwenye mdomo huo na ukajaa kwa sekunde 4, feni inatoa lita 15 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 54 kwa saa. Kwa mfuko wowote, gawa lita kwa sekunde kisha zidisha kwa 3.6. Si kipimo cha maabara, lakini kinaonyesha wazi tofauti kati ya feni inayofanya kazi na inayojifanya.

Nitajuaje kama unyevu wangu unatokana na mvuke wa kuoga na si bomba linalovuja?

Kata kipande cha nailoni angavu chenye upana wa sentimita 30 kila upande, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa juu, unaouona, ni mvuke wa hewani na feni itasaidia. Yakitokea chini ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta: bomba linavuja, vigae vimeachia, au msingi unapandisha maji. Hapo feni haitatibu kitu, na pesa ya feni ni afadhali impate fundi bomba.

Dalili nyingine ni mahali ukungu ulipo. Wa mvuke huanzia juu, kwenye pembe za dari na nyuma ya makabati. Wa maji yanayopanda huanzia chini, na mara nyingi huacha unga mweupe wa chumvi kwenye rangi.

Feni iwe na nguvu kiasi gani?

Kipimo cha kutazama kwenye boksi ni mita za ujazo kwa saa. Wati hazisemi feni inatoa hewa kiasi gani, wala ukubwa wa kifuniko hausemi. Pima urefu, upana na kimo cha bafu, uzidishe, kisha zidisha kwa 10, maana lengo ni hewa ya bafu zima ibadilishwe karibu mara 10 kwa saa. Bafu la mita 2.4 kwa 1.8 lenye kimo cha mita 2.7 lina mita za ujazo 11.7, kwa hiyo linahitaji takriban 117 kwa saa. Pale ambapo familia kubwa inaoga maji moto mfululizo asubuhi, zidisha kwa 15.

Kuna viwango vya kujilinganisha navyo. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka bafu lipate angalau lita 15 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 54 kwa saa. Marekani kawaida yao ni futi za ujazo 50 kwa dakika, ambayo ni karibu mita za ujazo 85 kwa saa. Hivyo ni viwango vya chini, na vinahesabiwa kwa hewa inayotoka kweli baada ya feni kufungwa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Namba ya kwenye boksi hupimwa feni ikiwa haina bomba, haina wavu, haina kona. Feni ya inchi 4 iliyoandikwa 95 inaweza kubakiwa na nusu yake ikishawekwa kwenye bomba la mita tatu lenye kona mbili. Chagua feni ambayo namba yake inazidi hitaji lako kwa theluthi moja hivi, na zaidi kama njia ya hewa ni ndefu.

Dukani wananiuliza "ya inchi ngapi?" Nijibu nini?

Pima tundu. Usipime kifuniko. Feni mbili zenye kifuniko cha ukubwa uleule zinaweza kuwa na shingo tofauti. Feni za bomba huja kwa inchi 4 (milimita 100), inchi 5 (125) na inchi 6 (150). Shingo ya inchi 4 huwa pungufu kidogo ya milimita 100, ndiyo maana inaingia ndani ya bomba la PVC la inchi 4 ambalo kwa nje lina milimita 110.

Feni za ukutani zenye fremu ya mraba, zile za inchi 6, 8 au 10, hutajwa kwa upana wa duara la mapanga huku tundu lake likiwa kubwa zaidi, na kila kiwanda kina vipimo vyake. Nenda dukani na vipimo vitatu vilivyoandikwa: upana wa tundu, kina cha ukuta au nafasi iliyopo juu ya dari, na umbali kati ya matundu ya skrubu za zamani. Kina husahaulika sana. Mota ikigusa kona ya bomba nyuma yake, mapanga yatakwaruza au hewa itagonga ukuta na kurudi. Acha angalau sentimita 30 za bomba lililonyooka kabla ya kona ya kwanza.

Kuna feni za namna ngapi, na ipi inanifaa?

Namna ya njia ya hewa ndiyo inayoamua, kwa hiyo ijue kabla ya kulinganisha bei.

Feni ya mapanga ndiyo iliyojaa madukani. Mapanga yake yanaonekana, hewa inapita moja kwa moja kutoka mbele kwenda nyuma. Ni rahisi, inatumia wati 15 hadi 20 kwa ukubwa wa inchi 4, na inafaa sana pale ukuta wa nje ulipo papo hapo: tundu, kipande cha bomba kisichozidi mita moja na nusu, kifuniko cha nje, basi. Udhaifu wake ni kwamba haina msukumo. Ikikutana na bomba refu, kona au upepo wa baharini unaopiga uso kwa uso, inazunguka bila kusogeza hewa.

Feni ya gurudumu huvuta hewa katikati na kuitupa pembeni kwa nguvu. Kiasi chake cha hewa kwenye boksi huonekana kidogo, pengine 80 pale ambapo ya mapanga imeandikwa 95, na mnunuzi huikataa kwa sababu hiyo. Lakini msukumo wake ni mkubwa mara kadhaa, kwa hiyo kwenye bomba la mita nne au tano itakuwa bado inatoa hewa wakati ile nyingine imeshindwa. Ndiyo ya kuchagua pia kwa ukuta unaotazama bahari.

Feni ya kati ya bomba hukaa juu ya dari, mbali na bafu, na bafuni huonekana mdomo mdogo tu. Ya inchi 4 hutoa mita za ujazo 180 hadi 250 kwa saa bila shida, na kelele yake hubaki huko juu. Kwa bafu la katikati ya nyumba lisilo na ukuta wa nje, hatuoni sababu ya kuhangaika na nyingine yoyote. Sharti ni mbili: kuwe na nafasi juu ya dari, na kuwe na mlango wa dari wa kuifikia. Feni iliyofungiwa moja kwa moja juu ya jipsamu, siku itakapoharibika utavunja dari.

Bomba langu ni lile la kukunjika, la fedha. Lina tatizo?

Lina tatizo kama halijavutwa likanyooka. Mikunjo ya ndani inakwamisha hewa, na fundi akiacha mita mbili za ziada zikilala juu ya dari, hewa inapanda na kushuka kwenye mabonde hayo. Mabonde hayo pia hukusanya maji, kwa sababu mvuke hupoa njiani na kuwa matone. Baadaye maji hayo hurudi kupitia feni, na mwenye nyumba hudhani paa linavuja.

Kata ziada. Livute. Zaidi ya mita mbili tumia PVC ngumu, uilaze kwa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje, maji yatoke nje yenyewe. Kila kona ya nyuzi 90 ihesabu kana kwamba ni mita moja hadi mbili za bomba la ziada. Kona mbili za nyuzi 45 zilizoachana ni bora kuliko moja kali. Kwenye sehemu za baridi kama Limuru, Iringa au Mbeya, funika bomba la juu ya dari kwa sufi ya kuzuia joto.

Fundi ameachia hewa juu ya dari, hakutoboa nje. Ni sawa?

Hapana, hata kidogo. Mvuke wote unaotolewa bafuni unakwenda kulowesha mbao za kenchi, misumari, nyaya na jipsamu. Jipsamu iliyolowa hulegea, hushuka katikati na kuota ukungu upande usiouona. Feni ya namna hiyo inahamisha tatizo kutoka mahali unapopafuta hadi mahali usipopafikia. Kama hakuna bomba la kutoka nje, gharama ya bomba na tundu la ukutani ni sehemu ya gharama ya feni.

Ninaishi ghorofani. Feni inapuliza kwenye shafti, na harufu za jirani zinarudi kwangu.

Shafti, yaani njia ya wima inayopanda ndani ya jengo, ikitumiwa na nyumba nyingi hupata msukumo kila jirani anapowasha feni yake, na hewa hutafuta tundu lililo wazi. Unahitaji feni yenye kifuniko cha kuzuia hewa kurudi. Kuna vya mabawa mawili yenye springi, ambavyo hufunga vikiwa vimelala au vimesimama, na kuna vile vya bawa moja linaloanguka kwa uzito wake. Cha uzito kinafaa kwenye bomba lililolala tu, tena kikiwekwa upande sahihi; kikifungwa juu chini kitabaki wazi siku zote.

Kwa shafti ndefu chagua feni ya gurudumu. Na kabla ya kununua, uliza kama ile shafti ni ya hewa au ni ya mabomba ya maji taka na nyaya. Ya pili haipaswi kupulizwa hewa ya bafuni.

Hewa inaingilia wapi?

Tunapenda swali hili liulizwe mapema, maana feni haiwezi kutoa kilichokosa kuingia. Njia rahisi ni chini ya mlango: nafasi ya milimita 10 juu ya vigae kwa mlango wa kawaida. Milango mingi ilikuwa na nafasi hiyo, kisha vigae vipya vikawekwa juu ya vya zamani ikapotea. Unaweza kuranda mlango chini au kuuwekea luva ndogo.

Tatizo la upande wa pili ni dirisha la luva lililo jirani na feni. Likiwa wazi, feni inavuta hewa ya dirishani na kuirudisha nje papo hapo, huku mvuke wa bombamvua umekaa palepale kwenye kona nyingine. Feni ikiwaka, funga luva zilizo karibu nayo. Feni nayo ikae juu, karibu na bombamvua, upande ulio mbali na mlango, ili hewa kavu ivuke bafu zima.

Ninunue ya kawaida, yenye kujizima yenyewe, au yenye kihisi cha unyevu?

Jibu linategemea unapoishi, na matangazo ya viwandani hayasemi hivyo.

Kihisi cha unyevu huwasha feni hewa ya bafuni inapopita kiwango fulani, ambacho kwa kawaida unaweza kukipanga kati ya asilimia 40 na 90. Nairobi, Arusha au Mbeya kinafanya kazi vizuri ukikipanga kwenye 65 hadi 70. Usiku wa Juni hadi Agosti kuta za huko hupoa sana, mvuke hugeuka maji haraka, na kihisi hukumbuka kuwasha hata mtoto asipokumbuka.

Pwani mambo ni tofauti. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, hewa ya nje yenyewe alfajiri mara nyingi hupita asilimia 80, hasa wakati wa masika. Kihisi kilichopangwa 65 hakitazima kamwe. Feni itazunguka usiku na mchana ikiingiza hewa yenye unyevu uleule, mota itachoka mapema, na wengi huishia kukata waya. Ukikipandisha hadi 90, kitachelewa kuwasha.

Kwa pwani chagua yenye kuhesabu dakika: inawaka na taa, na taa ikizimwa inaendelea kwa dakika 15 hadi 20 kisha inajizima. Kazi ya feni huko ni kuondoa mvuke mzito wa kuoga kabla haujatua ukutani. Haitalifanya bafu kavu kuliko hewa ya nje. Kama kuta hazikauki kabisa, washa tena saa saba au saa nane mchana, wakati jua limekausha hewa kidogo. Futa pia maji ya vigaeni kwa mpira wa kufutia kila baada ya kuoga. Maji unayoyasukuma kwenye shimo la kutolea maji ni maji ambayo feni haitalazimika kuyabeba.

Yenye kamba ya kuvuta, au ya swichi tu, inatosha kwa bafu la mtu mmoja mwenye mazoea ya kuiacha iwake. Kwa nyumba ya kupangisha usiitegemee.

Nina waya mbili tu zinazofika kwenye feni. Yenye kuhesabu dakika itafanya kazi?

Haitahesabu. Feni hiyo inahitaji waya tatu: umeme wa kudumu, umeme unaotoka kwenye swichi ya taa, na nyutro. Feni ya zamani ya kawaida ilitumia mbili. Ukiunganisha sehemu mbili za umeme pamoja kwa waya mmoja wa swichi, feni itawaka na kuzima papo hapo kama ya kawaida, na umelipia saa usiyoitumia.

Ama vuta waya wa tatu, ama weka feni ya kawaida yenye swichi yake nje ya mlango. Kwa feni ya waya tatu, swichi ya kutengea iliyo nje ya bafu lazima ikate zote tatu, kwa sababu kuzima taa hakuondoi umeme wa kudumu. Fyuzi ya ampea 3 inatosha kwa feni nyingi za bafuni; soma karatasi ya feni yako.

Kazi ya kuvuta waya mpya bafuni mpe fundi umeme mwenye leseni ya mamlaka ya nishati: EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.

Alama ya IPX4 ina maana gani, na ni lazima?

Tarakimu ya mwisho inaeleza uwezo wa kuzuia maji: 4 ni matone yanayorushwa kutoka kila upande, 5 ni maji ya mpira. Feni iliyo juu ya bombamvua au beseni, au ndani ya sentimita 60 kutoka hapo, isipungue IPX4. Juu kabisa ya mahali pa kuogea, chini ya mita 2.25 kutoka sakafuni, ni bora ile ya volti 12 ambayo kibadilishi chake cha umeme (transfoma) kinakaa nje ya bafu. Feni za mraba za jikoni mara nyingi hazina alama hiyo kabisa. Usiziweke bafuni kwa sababu tu ni za bei nafuu.

Nina hita ya gesi bafuni. Naweza kuongeza feni?

Usiwashe feni kwenye chumba chenye hita ya gesi inayovuta hewa ya chumba hichohicho. Feni inaweza kugeuza moshi wa hita urudi ndani badala ya kutoka kwenye bomba lake, nao unabeba kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu akiwa anaoga. Hita hiyo ihamishiwe nje kwenye ukuta wenye hewa, au ibadilishwe iwe ya umeme. Feni ije baadaye.

Nataka kubadilisha mwenyewe ya inchi 4 kwa ya inchi 4. Hatua ni zipi?

1. Zima brekeri, si swichi peke yake. Swichi iliyofungwa vibaya hukata nyutro na kuacha umeme kwenye feni. Hakikisha kwa testa ambayo umeijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme.
2. Toa kifuniko, piga picha waya zilivyo, kisha fungua. Rangi mpya ni kahawia kwa umeme na buluu kwa nyutro. Nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi. Feni nyingi za plastiki hazihitaji waya wa ardhi. Ukiukuta, uzibe ncha yake kwa kiunganishi, usiukate.
3. Safisha bomba lote hadi nje kwa brashi ndefu. Kifuniko cha nje kifunguke kwa pumzi ya mdomo.
4. Jaribu feni mpya kwenye tundu kabla ya kuunganisha. Kama matundu ya zamani ya skrubu hayalingani, toboa mapya na weka fisha (plagi ya plastiki ya kushikia skrubu ukutani). Usilazimishe skrubu ziingie mshazari.
5. Kaza skrubu kwa mkono hadi ishike, basi. Ukikaza kupita kiasi, fremu inapinda na mapanga yanagusa. Yazungushe kwa kidole kabla ya kurudisha umeme.
6. Ziba pengo la pembeni kwa silikoni, si kwa saruji, maana siku moja itabidi feni itoke tena.
7. Washa, rudia jaribio la karatasi.

Naweza kuweka wavu wa mbu?

Ndiyo, upande wa nje, na uwe unaotoka kwa kusafishwa. Wavu wenye matundu madogo hupunguza hewa hata ukiwa safi, na ukishika nyuzi huziba kabisa. Kifuniko chenye mabawa yanayojifunga feni ikizimwa huzuia mbu, mende na mijusi bila kukwamisha hewa feni ikiwaka. Tungeanza na hicho.

Ndugu yangu ataniletea feni kutoka nje. Itafaa?

Ya Dubai au Oman ni hezi 50 na volti za kwetu, itafaa. Ya Marekani ni volti 120 na itaungua mara moja. Saudi Arabia wanatumia hezi 60. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee huzunguka polepole huku na kupata joto zaidi, kwa hiyo soma kibandiko kama kimeandikwa 50/60.

Itanitoza umeme kiasi gani, na itawaka kwenye inveta?

Feni ya wati 15 ikiwaka saa mbili kwa siku inatumia chini ya yuniti moja kwa mwezi. Ikiwaka mchana na usiku, karibu yuniti 11. Kwenye inveta, mota za kawaida zinataka mawimbi laini kamili (pure sine wave). Inveta za bei ya chini huifanya mota ivume na kuchemka. Mwenye sola ya volti 12 aulizie feni ya volti 12 moja kwa moja.

Kwa nini feni zangu zinakufa kila baada ya mwaka mmoja?

Tazama beringi. Feni za bei ya chini zina bushi ya shaba yenye mafuta kidogo, iliyokusudiwa shafti ya mota (mhimili unaozungusha mapanga) ikae imelala, yaani feni iwe ukutani. Ukiifunga darini, shafti inasimama, mafuta yanahama, inaanza kulia kisha inakwama. Kwa dari dai yenye beringi za gololi. Karibu na bahari chagua mwili wa plastiki, na skrubu na springi za chuma kisichoshika kutu. Fremu ya bati iliyopakwa rangi haidumu na chumvi.

Sababu ya pili ni vumbi. Mapanga yaliyoshika nyuzi upande mmoja hupoteza mizani na kutikisa beringi hadi ziishe. Kila miezi mitatu zima brekeri, toa kifuniko ukioshe kwa maji ya sabuni, na futa mapanga kwa kitambaa chenye unyevu. Mota usiimwagie maji wala kuipulizia mafuta ya kulegezea kutu. Huyeyusha mafuta ya beringi na kuiacha kavu. Ukisafisha ukungu wa ukutani kwa jiki siku hiyohiyo, usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, na iache feni iwake mpaka harufu iishe.